Tabaka za Nafsi: Muhasibi, Ghazali na Ulezi wa Mtu



Ndugu zangu wasomaji, mwezi wa Shaabani uliopita alinijia mjukuu wangu anayefanya kazi Nairobi, akakaa nami siku tatu. Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa barazani tukinywa kahawa, akanambia, "Babu, kazini kwetu tumeletewa mwalimu wa kutufundisha kujijua nafsi zetu." Nikamwuliza anawafundisha vipi. Akasema kila mmoja hukaa naye peke yake saa moja kwa juma, na mwalimu huyo hamwambii mtu fanya hivi wala acha vile, bali humwuliza. Kwanza humwuliza unafanya nini siku nzima. Kisha unaona nini moyoni unapoyafanya hayo. Kisha kwa nini unaona hivyo; na chini ya sababu hiyo hutafutwa sababu nyengine. Akasema nafsi wameifananisha na kitunguu, ganda juu ya ganda, na kila ukimenya ndani ndipo machozi yanapokutoka. Halafu akanitajia ujira wa mwalimu yule kwa saa moja, nami nikaweka kikombe chini, kwani ni zaidi ya apatacho mwalimu wa chuoni kwa mwezi.

Sikumcheka, wala sikumkataza. Nilimwambia tu kwamba habari hii ina wenyewe, na wenyewe wana tarehe yao. Vijana wetu wanadhani kuichungua nafsi ni jambo lililokuja juzi kutoka Ulaya na Marekani. Na baadhi ya wazee, kwa kuwa limekuja na jina geni, wanalidhani ni upuuzi. Hawa na wale hawajasoma. Ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Qur'ani imeitaja nafsi kwa hali tatu. Katika Suratu Yusuf, aya ya 53, imetajwa nafsi iamrishayo maovu. Katika Suratul Qiyama, aya ya 2, imetajwa nafsi ijilaumuyo. Na katika Suratul Fajr, aya ya 27, imetajwa nafsi iliyotua. Wengi katika wanazuoni wamesema kuwa hizi si nafsi tatu zilizomo ndani ya mtu mmoja, bali ni nafsi moja kwa hali zake. Lakini mimi, kila nikisomesha mas'ala haya, huwaambia wanafunzi wasiipite haraka hiyo Suratul Qiyama. Aya zake za 14 na 15 zinatueleza kwamba mtu ni shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe, hata kama ataleta nyudhuru zake. Tazameni: mtu anajua, na juu ya kujua kwake ametandika udhuru kama mtu atandikaye jamvi juu ya sakafu mbovu. Basi tabaka tunazozizungumza ni tabaka za nyudhuru, na ulezi wa nafsi ni kuliondoa jamvi moja baada ya jingine.

Hapa niondoe kosa moja ambalo hata mimberini husikika. Yale maneno mashuhuri kwamba mwenye kuijua nafsi yake amemjua Mola wake, si hadithi ya Mtume (S.A.W.). Imam Nawawi amesema hayakuthibiti kwake, na wengine wameyanasibisha na Yahya bin Muadh ar-Razi. Maana yake yanaweza kuwa mazuri, lakini uzuri wa maneno hauyafanyi kuwa hadithi.

Kilichopokewa ni mwendo wa masahaba. Sayyidna Umar (R.A.) ndiye aliyewausia watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Na hakutosheka kujihesabu peke yake. Imepokewa kuwa alimwuliza Salman al-Farisi ni lipi lililomfikia katika habari zake asilolipenda. Salman akajaribu kujitoa, Umar akamshikilia. Ndipo akamwambia: nimesikia kuwa umekusanya vitoweo viwili katika meza moja, na kuwa una nguo mbili, ya mchana na ya usiku. Umar akauliza kama kuna jengine. Akaambiwa hakuna. Akasema kuwa hayo mawili yamekwisha. Na alikuwa akimwuliza Hudhaifa, aliyepewa na Mtume siri ya majina ya wanafiki, kama anaona kwake alama yoyote ya unafiki. Huyu ni khalifa, majeshi yake yameivunja Fursi, naye anaomba kuambiwa aibu yake na mtu asiye na askari hata mmoja.

Sasa twende Iraq. Katika mji wa Basra, yapata mwaka 165 Hijriya (781), alizaliwa Harith bin Asad. Alihamia Baghdad, na huko ndiko alikopata jina la Muhasibi, kwa sababu ya wingi wa kuihesabu nafsi yake. Wameandika wenye kuandika tarehe kwamba baba yake alipokufa aliacha mali nyingi, naye hakuchukua hata dirhamu moja juu ya kuwa alikuwa mhitaji, kwa kuwa baba yake alikuwa na itikadi ambayo mwana hakuridhika nayo.

Kisa ninachokipenda katika habari zake ni kile alichokisimulia Junaid, bwana mkubwa wa watu wa tasawwuf, aliyefariki mwaka 298 (910). Junaid alikuwa kijana mwenye kupenda kukaa peke yake. Harith alikuwa akija nyumbani kwake na kumwambia atoke waende jangwani. Junaid hukataa, akisema kuwa anatolewa katika usalama wake na kupelekwa njiani penye fitina. Harith humwambia toka, usiogope. Wakifika mahali hukaa, na Harith humwambia, niulize. Junaid hujibu kuwa hana la kuuliza. Harith humwambia auliza lolote linalomjia moyoni. Basi hapo maswali humiminika, na Harith humjibu papo hapo. Kisha hurudi nyumbani akayaandika, yakawa vitabu.

Ndugu msomaji, mimi nimesomesha zaidi ya miaka arobaini, na kisa hiki kimenitia haya mara nyingi. Sisi walimu tumezoea kuingia na majibu yetu mkononi. Muhasibi alikuwa mwanachuoni mkubwa katika zama zake, naye anakwenda mwenyewe kugonga mlango wa kijana, anamtoa nje, anangoja swali. Alijua kuwa lililo moyoni mwa mtu haliwezi kutibiwa mpaka limetoka kwa ulimi wake mwenyewe. Na kitabu chake kikubwa, ar-Riaya, amekiandika kama mtu anayemjibu mwulizaji.

Wala watu wote hawakumkubali. Abu Zur'a ar-Razi, mwanachuoni wa hadithi aliyefariki mwaka 264 (878), aliulizwa juu ya vitabu vyake, akawatahadharisha watu navyo. Akaambiwa kuwa ndani yake mna mazingatio. Akajibu kuwa asiyepata mazingatio katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu hatayapata katika hivyo. Imam Ahmad bin Hanbal naye alimkataa kwa ajili ya kujiingiza katika ilimu ya kalamu, na Muhasibi akaishi siku zake za mwisho kwa kujificha. Alipofariki Baghdad mwaka 243 (857), imepokewa kuwa waliomsalia walikuwa watu wanne tu. Mimi siwalaumu maimamu wale. Kuna hofu ya kweli ndani ya maneno yao. Mtu anayechimba nafsini mwake mchana na usiku aweza kuangukia katika wasiwasi, kama yule tunayemjua katika kila msikiti, ambaye hutia udhu mara tano na sala ikampita. Kujichungua ambako hakumpeleki mtu kwenye amali ni ugonjwa juu ya ugonjwa.

Miaka mia mbili na zaidi ikapita, na vitabu vya Muhasibi vikaingia mikononi mwa mtu wa Tus, katika nchi ya Khurasan. Huyo ni Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 450 (1058). Alisoma Nishapur kwa Imamul Haramain al-Juwaini, na mwaka 484 (1091) waziri Nidhamul Mulk alimpa kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad. Hakukuwa na daraja kubwa zaidi ya hiyo kwa mwalimu wa zama zile, naye hajafika miaka thelathini na mitano. Mwenyewe ameandika kuwa alikuwa na wanafunzi mia tatu. Mwaka uliofuata Nidhamul Mulk aliuawa, na punde Sultani Malik Shah akafa, dola ikatikisika. Lakini jina la Ghazali lilizidi kupaa.

Katika kitabu chake al-Munqidh ameeleza lililomtokea, na mimi sijasoma kwa mwanachuoni mwengine maelezo ya kuvuliwa tabaka yaliyo wazi kuliko hayo. Anasema aliitazama hali yake, akaona amezama katika mafungamano ya dunia, yamemzunguka pande zote. Kisha akatazama amali zake. Amali bora aliyokuwa nayo ni kusomesha. Wengi wetu tungelisimama hapo tukashukuru: basi mimi walau nasomesha dini! Yeye hakusimama. Aliitazama elimu anayosomesha, akaona ameielekea ile isiyokuwa na manufaa katika njia ya Akhera. Kisha akashuka ngazi nyengine, akaitazama nia yake katika kusomesha, akaikuta si safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kinachoisukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa jina. Hapo akajua kuwa amesimama ukingoni mwa shimo.

Sasa angalieni kilichofuata, kwani hapa ndipo penye ibra kwa kila anayedhani kuwa kujijua kunatosha. Alikwisha jua. Na aliposhajua, hakuweza kuondoka! Karibu ya miezi sita, tangu Rajabu ya mwaka 488 (Julai 1095), alikuwa akiazimia leo na kesho akafungua azima yake. Mguu mmoja mbele, wa pili nyuma. Asubuhi hamu ya Akhera ikimjia safi, jioni majeshi ya matamanio huishambulia na kuivunja. Mpaka Mwenyezi Mungu akaufunga ulimi wake. Akitaka kusomesha siku moja ili kuwafurahisha wanafunzi, hawezi kutamka neno. Huzuni ikashuka moyoni, chakula hakipiti. Matabibu wakasema hili ni jambo limeshuka moyoni na kutoka hapo limeenea mwilini, nao hawana dawa nalo mpaka huo moyo utulie. Mjuzi wa nafsi za watu ametibiwa kwa kunyang'anywa kile kile alichokuwa akijivunia, ulimi wake.

Ndipo akatoka, mwishoni mwa mwaka 1095. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto. Akawaambia watu kuwa anakwenda Makka, na huku moyoni ameazimia Sham, kwa kuogopa khalifa na wenziwe wasijue kuwa hana nia ya kurudi. Alikaa Damascus karibu ya miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti mchana na kujifungia mlango. Alikwenda Baitul Muqaddas, na Makka na Madina. Na katika barua yake moja ametaja kuwa mwaka 489 (1096), penye kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) huko al-Khalil, aliweka nadhiri tatu: kutopokea mali ya sultani, kutokwenda kwa sultani, na kutofanya mijadala ya kushindana. Ukizitazama, kila nadhiri imefungwa mahali pale pale palipokuwa na kidonda.

Ni katika miaka hiyo ya safari ndipo alipokuwa akiandika Ihyaa Ulumid Din, vitabu arubaini katika robo nne. Ningependa kueleza mambo mawili matatu tu humo yanayohusu ulezi wa mtu.

La kwanza ni mas'ala ya riya. Ameshuka nayo ngazi kwa ngazi, akiwa amenywa katika kisima cha Muhasibi. Kuna mtu anayesali kwa kuwa anatazamwa; huyo hana maficho, kila mtu anamwona. Chini yake yuko anayesali usiku kila siku kwa taabu, na siku akiwa na mgeni ndani ya nyumba sala humwia nyepesi. Chini yake yuko ambaye mgeni hamzidishii wala hampunguzii, lakini watu wakijua ibada yake moyo wake hufurahi na uzito wa ibada humshuka. Na chini kabisa yuko anayeficha, hataki kujulikana, wala hafurahi akijulikana. Lakini akikutana na watu hupenda waanze wao kumtolea salamu, wampishe mahali pa kukaa, muuza duka ampunguzie bei, na mmoja wao akipunguza katika hayo moyo wake huona uzito. Kama kwamba anaidai ibada yake ya siri ujira kwa watu wasiojua. Nani katika sisi wenye vilemba aliyeokoka na ngazi hiyo ya nne?

La pili ni kitabu cha 38, cha kuichunga nafsi na kuihesabu. Humo amemfanya mtu na nafsi yake kuwa washirika wawili katika biashara. Sisi watu wa pwani mfano huu tunaufahamu vizuri, maana babu zetu walikuwa wakimpa nahodha mali na kungoja msimu. Rasilmali ni umri, faida ni faradhi na sunna, khasara ni maasi. Asubuhi unashartiana na mshirika wako, mchana unamchunga, usiku unafungua daftari na kuhesabu naye. Ukimkuta amefanya khiyana, unamwadhibu. Kisha unapigana naye kwa kumzidishia ibada. Na mwisho hukomi kumlaumu. Hizi ni daraja sita. Kwa adhabu ametaja kuwa Sayyidna Umar alipokosa sala ya Alasiri katika jamaa aliitoa sadaka ardhi yake yenye thamani ya dirhamu 200,000.

Nami niseme haki: katika mlango huo wa adhabu mna visa vya watu kuitia miili yao udhia mkubwa, ambavyo mimi sivisomeshi kwa vijana. Ibnul Jauzi, aliyefariki mwaka 597 (1201), aliilaumu Ihyaa kwa hayo na kwa hadithi dhaifu zilizomo, kisha akaifupisha kwa manufaa ya watu. Maana yake aliona ndani yake kitu kisichofaa kutupwa. Huko Cordoba mwaka 503 (1109) walikwenda mbali zaidi, wakaichoma moto, mwandishi wake akiwa bado hai.

La tatu, nalo kwangu ndilo kubwa, limo katika kitabu cha 22, cha kuizoeza nafsi. Anasema mtu akitaka kuzijua aibu zake ana njia nne: akae mbele ya sheikh mwenye kuona, au atafute rafiki mkweli amfanye mlinzi, au azichukue aibu zake kutoka katika ndimi za maadui zake, kwani jicho la chuki hutoa nje mabaya, au achanganyike na watu, na kila baya analoliona kwao ajitafute nalo mwenyewe. Katika rafiki analalamika kuwa zama zake wamekwisha. Mtu akituambia kuwa chini ya nguo yetu mna nge, tutamshukuru na kushughulika kumwua huyo nge. Lakini akituambia aibu yetu, tunaacha nge na kumshughulikia yeye. Na kuhusu sheikh anaweka sharti ambayo wengi wanaisahau: sheikh ni tabibu, na tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa moja atawaua walio wengi. Lazima atazame ugonjwa wa mtu, na umri wake, na tabia yake, na kiasi anachoweza kustahmili.

Mwaka 499 (1106) Ghazali alirudi kusomesha, mara hii Nishapur, kwa kushikiliwa na waziri Fakhrul Mulk, mtoto wa Nidhamul Mulk. Msidhani alirudi kwa urahisi. Ameandika kuwa aliuchungua hata huo upweke wake, asije akawa anaung'ang'ania kwa uvivu na raha, na kwa kutaka kuihifadhi hishima yake na maudhi ya watu. Upweke ule ule uliokuwa dawa, alichelea usiwe umegeuka ganda jipya. Na akasema kuwa, ingawa kwa dhahiri amerudi kwenye elimu, yeye haoni kuwa amerudi, kwa kuwa zamani alikuwa akisomesha elimu ya kuchumia cheo na sasa anaita watu kwenye elimu ya kukiacha.

Je, alikuwa mkweli? Yuko shahidi. Abdul Ghafir al-Farisi, khatibu wa Nishapur na mwandishi wa tarehe yake, alikuwa akimjua Ghazali tangu zamani kwa kiburi chake na kuwadharau watu. Anasimulia kuwa alimzuru mara kadhaa baada ya kurudi, na mwanzo alidhani ule upole ni joho la kujivika. Akamchungua, akaona ni kinyume cha alivyodhani. Ushahidi wa mtu aliyekuja na shaka nauona mzito kuliko sifa za wanafunzi mia. Ghazali alifariki Tus tarehe 14 Jumada al-Akhir 505 (18 Desemba 1111).

Kutoka huko mpaka kwetu njia si ndefu kama inavyodhaniwa. Masharifu wa Hadhramaut waliishika Ihyaa kwa mikono miwili, na Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim (1634–1720), ambaye Ratibu yake husomwa katika misikiti mingi ya pwani yetu, katika Risalatul Muawana alitanguliza yakini, kisha nia, kisha kuichunga nafsi. Masharifu hao na wanafunzi wao ndio waliokuja na vitabu hivi Lamu, Mombasa na Unguja. Mimi nilivisoma kwa wazee wangu baina ya Magharibi na Isha, kisha nikavisomesha. Na kuvisomesha si kuviishi, kama nitakavyoeleza.

Yapata miaka thelathini sasa. Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa mvuvi, aliyejaaliwa sauti nzuri na hifdhi nyepesi. Mwezi wa Ramadhani pakawa na mashindano ya kusoma Qur'ani, nami nilimtayarisha miezi mitatu, alfajiri kabla ya skuli na usiku baada ya Isha. Usiku wenyewe alipanda, akasoma aya nne vizuri, kisha akanyamaza. Akakumbushwa, akanyamaza. Akashuka analia. Siku ya pili nilimpiga bakora mbele ya wenziwe, na tangu siku ile hakuja tena chuoni.

Mama yake alinijia kuniuliza. Nikamwambia nimempiga kwa ajili ya hishima ya Qur'ani. Akasema, "Haya, Maalim," akalitengeneza buibui lake, akaenda zake. Jibu langu lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Na juma lile lile, darsa yetu msikitini ilikuwa imefika mlango wa riya, na msomeshaji ni mimi.

Usiku nikajiuliza: ni kwa ajili ya Qur'ani? Lakini juma hilo hilo mtoto mwengine alikosea Alhamdu, nami sikumgusa. Basi si Qur'ani. Nikasema ni kwa ajili ya chuo, maana wazazi walikuwa wameanza kuwapeleka watoto chuo chengine, nami nina watoto wa kulisha. Sababu hii ilinipendeza, kwani inakaribia kuwa halali, na kidogo nilale nayo. Ikanijia sura ya usiku ule. Safu ya mbele alikaa maalim niliyesoma naye utotoni kwa sheikh mmoja, na mwanafunzi wake ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mtoto wangu aliponyamaza, sikumtazama mtoto. Nilitazama uso wa yule mwenzangu nione kama anacheka. Hakuwa akicheka, alikuwa akimwombea mtoto dua, midomo yake ikitikisika. Hilo ndilo lililoniuma, na kwa hilo mtoto akapigwa.

Nilipoliona hilo moyo wangu ukawa mwepesi, nikajiambia: ni walimu wangapi wanaoweza kujiona hivi? Na hapo nikajua kuwa chini kulikuwa na ganda jengine, baya kuliko yote.

Kujua hakukuniinua mkekani. Ilipita miezi minne kabla sijakwenda kwa wale watu. Leo mvua, kesho hitima, kesho kutwa watoto wana mitihani ya skuli. Nilipokwenda, baba yake alinipokea vizuri, akaleta kahawa na tende, akasema, "Karibu, Maalim, umetuheshimu." Nilimweleza lililonileta, kwa ukamilifu wake, pamoja na habari ya husuda. Akainama. Akamwita mtoto mara mbili, mtoto akabaki chumbani. Nikamwambia amwache. Nikamaliza kahawa, nikaaga.

Yule mtoto alisoma kwa huyo maalim mwenzangu. Baada ya miaka miwili akahitimu msahafu, na mimi nikaalikwa. Nilikaa nyuma, karibu na viatu. Alipokwisha kusoma alipita kuwapa wazee mikono, akiibusu mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinipa mkono, wala hakuubusu wangu, akapita kwa aliyekuwa ubavuni mwangu. Maalim wake alimwona, akainua kidole ili amrudishe. Nikamwashiria amwache apite.